Kusoma Fisha Bodi

Ukitaka kutoboa ua katikati ya ubao bila kuugusa ukingo wake, msumeno wa kawaida haukusaidii kitu, kwa sababu wenyewe huanzia pembeni. Inabidi kwanza utoboe tundu dogo kwa drili ndani ya sehemu unayotaka kuiondoa. Kisha unapenyeza bledi nyembamba kama uzi kwenye tundu hilo, unaifunga juu na chini, unaikaza, ndipo unaanza kukata. Ua likidondoka, unafungua bledi, unaichomoa, unahamia tundu linalofuata. Ubao wenye maua 12 unafunga na kufungua mara 12. Njia ya mkato hakuna.

Nakshi za namna hii zipo nyingi Pwani, ila hazisemwi sana. Sifa zote zimekwenda kwenye milango. Mlango wa Zanzibar au wa Lamu huchongwa kwa patasi na nyundo, ua linainuka juu ya mbao, na kila kipeperushi cha watalii kina picha yake. Nakshi ya kutoboa ni kitu kingine: hakuna kinachoinuka, kuna mbao na kuna hewa. Ipo kwenye roshani za Mji Mkongwe, na mfano mkubwa ni lile jengo la Zahanati ya Zamani linalotazama bandari, ambalo Tharia Topan alianza kulijenga 1887 na ambalo Aga Khan Trust for Culture walilikarabati miaka ya 1990. Ipo pia kwenye nyumba za watu wa kawaida ambazo hazina mfadhili wala kibao cha ukumbusho, chini ya ukingo wa bati, pale mafundi wa siku hizi wanapopaita fisha bodi.

Nyumba ya bibi yangu iko Ngamiani, Tanga, na ina fisha bodi 18 za namna hiyo. Kila moja ina urefu wa nchi 18 na unene wa karibu nusu nchi, na zote zina kiolezo kimoja: mzabibu unaopanda, majani matano, na tone moja chini. Mchwa wamekula sita. Mwaka jana familia ilikaa kikao kuhusu paa, na baba mdogo, ambaye ndiye anayetoa pesa nyingi, akasema zote ziteremshwe, ziwekwe mbao nyoofu zipigwe rangi, kazi iishe. Hakuwa na ubaya wowote. Paa linavuja na yeye ndiye anayepigiwa simu mvua ikinyesha.

Bibi akasema, "Hizo babu yenu alizikata kwa mkono wake."

Kimya kikatanda, na mtu akabadilisha mada. Bibi ana miaka 80 na kitu, na siku hizi anaweza kukuita kwa jina la mama yako mara tatu kabla hajakupata. Babu alikuwa mtu wa relwe, hakuwa seremala. Hadithi tuliyokua nayo sote ni kwamba mbao zilinunuliwa kwenye karakana ya Wahindi mjini, tayari, kama watu wengi walivyofanya. Shangazi aliniambia baadaye, kwa upole kabisa, "Bibi anachanganya." Hilo neno tumeanza kulitumia kwa kila kitu anachosema.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu inanitaka niulize: tutajuaje? Ila sikwenda kutafuta ushahidi. Nilichosema kwenye kikao ni kwamba nitakata zile sita zilizooza, na baba mdogo akacheka, akasema sawa, nipewe muda hadi mafundi wa bati watakapoanza.

Chombo chenyewe ni msumeno wa skroli. Ukiuona mara ya kwanza unafanana na cherehani: una mkono mrefu juu, meza ndogo chini, na bledi inayopanda na kushuka kama sindano. Nilinunua wa mtumba Gerezani, wa nchi 16. Hizo nchi 16 ni umbali kutoka kwenye bledi hadi kwenye nguzo ya nyuma, na ndizo zinazokuambia ubao wa ukubwa gani utazunguka bila kugonga. Kasi yake inarekebishwa, kuanzia mapigo 400 hivi hadi 1600 kwa dakika. Haina nguvu ya kutisha. Ikikukata itakuumiza, lakini si kama msumeno wa duara ambao ukikosea unaacha vidole mezani. Kwa mtu anayejifunza usiku kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, hilo si jambo dogo.

Fundi mmoja wa Keko, anayetengeneza vitanda, alinifundisha wikendi nne kwa malipo ya soda na kumsomea mikataba yake. Somo la kwanza lilikuwa bledi. Meno yaangalie chini, sivyo bledi itauinua ubao na kuupigapiga mezani. Ukishaikaza, iguse kwa kidole kama uzi wa gitaa. Ikitoa sauti ya kulegea, kaza tena. Bledi zina namba, ndogo kwa kazi nyembamba na kubwa kwa mbao nene. Kwa mbao ya robo tatu ya nchi namba 5 inatosha, na anayeanza asihangaike na zile nyembamba kama unywele. Zitakatika tu. Hata za kawaida hukatika. Mwezi wa kwanza nilikuwa nanunua bledi kama mtu anavyonunua vocha.

Somo la pili lilinishangaza. Bledi haikati kufuata pale unapousukuma ubao. Nyingi hutengenezwa kwa namna inayoacha upande mmoja wa meno mkali kuliko mwingine, kwa hiyo zinavuta upande. Ukisukuma ubao moja kwa moja, mstari unakukimbia. Inabidi uupe ubao mlalo kidogo, na ukishazoea mkono unafanya wenyewe. Fundi aliniambia, "Wewe usipigane nayo, mwandishi. Ijue inakokwenda, halafu mtangulie."

Mengine nayaandika kwa faida ya atakayetaka kujaribu. Anza na plaiwudi au paina, siyo mninga. Chora au chapisha kiolezo kwenye karatasi, kibandike juu ya ubao, halafu juu yake weka selotepu pana ya kufungia maboksi. Utashangaa jinsi mbao ngumu inavyoacha kuungua. Kata maua ya ndani kwanza na umbo la nje mwisho, maana ukitoa la nje mapema hubaki na pa kushika. Vaa barakoa kila siku, hata ukiwa uwanjani. Vumbi la mvule linawasha kifua na ngozi, na mafundi wanaokohoa Keko hawakohoi kwa sababu ya baridi. Kwa ajili ya nyumba ya bibi nilinunua mtiki, ule unaopandwa Longuza, Muheza, ambao unavumilia mvua na mchwa hawaupendi.

Somo lililobadilisha kila kitu lilikuja wikendi ya tatu. Nilimwambia fundi nina mbao sita zinazofanana. Akaniuliza kwa nini nizikate moja moja. Akachukua vipande vitatu vya mbao, akavibana pamoja kwa misumari midogo kwenye sehemu zitakazotupwa, akabandika kiolezo kimoja juu. Unakata mara moja, unatoa tatu. Mashine kama yangu inameza unene wa nchi mbili, kwa hiyo tatu za nusu nchi zinapita vizuri. Hasara yake ni moja, akasema: mkono ukiteleza, umeteleza mara tatu, mahali pale pale.

Niliporudi Tanga kupima zile mbao za zamani, nikakumbuka maneno hayo. Nilipanda ngazi na chaki, nikazipa namba 1 hadi 18, nikaanza kuziangalia moja moja. Kwa miaka yote ya maisha yangu zilikuwa kitu kimoja, pambo la nyumba ya bibi. Sasa niliona jani la pili la ubao namba 1 limekosa ncha. Ubao namba 2, jani la pili, ncha haipo. Namba 3, vilevile, na mkato uliopotea una mkunjo uleule. Kuanzia namba 4 ncha ipo.

Wanaohariri miswada ya kale ya tenzi wanaijua njia hii. Nakala mbili zikishiriki kosa moja mahali pamoja, kuna uwezekano mkubwa zina chanzo kimoja. Nilishuka, nikachukua daftari, nikapanda tena. Mbao 18 ziligawanyika makundi sita ya tatu tatu, na kila kundi lina alama yake: hapa tone limenenepa, pale shina limepinda zaidi ya inavyotakiwa. Aliyezikata alizibana tatu tatu.

Kisha kuna matundu ya kupitishia bledi. Anayeanza hutoboa katikati ya jani, maana ndipo penye nafasi, halafu anasafiri hadi kwenye mstari na kuacha kidonda kidogo pale anapoufikia. Mwenye uzoefu hutoboa kwenye ncha, ambapo mistari miwili inakutana na alama inajificha. Mbao namba 1 hadi 3 zina kidonda katikati ya kila mkunjo. Namba 16 hadi 18 pia, ingawa si vibaya hivyo. Za katikati hazina. Yaani ukizipanga kwa usafi wa kazi na siyo kwa namba zangu, unaona mtu anajifunza: kundi baada ya kundi, mkono unatulia, kidonda kinahamia kwenye ncha, hadi zile tatu za juu ya mlango ambazo ni safi kabisa.

Na aliyezipachika alizijua. Namba 1 hadi 3 ziko upande wa kichochoro, ambako hakuna anayeinua macho. Namba 16 hadi 18 zimefichwa na mwembe wa jirani. Safi zimewekwa mlangoni, anapoingilia mgeni.

Karakana haiuzi mbao za mwanafunzi wake pamoja na za fundi wake, halafu ikampa mteja hesabu kamili ya upana wa nyumba. Kilichopo pale ni mtu mmoja aliyeanza bila kujua, akamaliza akiwa anajua, na kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa shule yake. Nilikuwa na wiki tano kwenye shule hiyohiyo. Kama ningekuja na kamera na daftari tu, kabla sijaharibu plaiwudi za kutosha, ningepiga picha nzuri na nisingeona lolote kati ya haya.

Nilimwonyesha baba mdogo. Alipanda ngazi mwenyewe, na shati lake la ofisini, akapitisha kidole kwenye ile ncha iliyokosekana mara tatu. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema kitu ambacho mhariri wangu yeyote angesema: "Sawa, ni mtu aliyekuwa anajifunza. Lakini haikuandikwa jina."

Ni kweli. Mbao hazina sahihi. Zinachosema ni kwamba maelezo ya bibi yanaingia pale vizuri kuliko yetu. Tangu mwanzo alisema babu alikuwa anakata usiku akitoka relwe, miezi mingi, na kwamba "alianza vibaya". Hayo ya kuanza vibaya hatukuyasikia. Tulishaamua anachanganya.

Jioni nilikwenda kumweleza. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikaanza kueleza habari za kubana mbao, matundu, ncha, nikichora kwenye daftari. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeleta habari njema. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nilipokuwa nasema, mlikuwa hamjui kama ni kweli?"

Nikasema, "Tulikuwa hatuna uhakika, bibi."

"Mie sikuhitaji ubao uniambie."

Akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo nimejaribu kupunguza lile neno, kuchanganya, na nimemwomba shangazi alipunguze. Nimeanza pia kurekodi anachokisema, hata pale anaponiita kwa jina la mama. Bado anachanganya majina, hilo lipo. Lakini jina la mjukuu na kazi ya miezi mingi iliyofanyika mbele ya macho yako si kumbukumbu zilizowekwa kabati moja, na sisi tulikuwa tumezifungia pamoja na kutupa ufunguo.

Baba mdogo amekubali nakshi zibaki, kwa sharti kwamba gharama ya mtiki ni yangu. Mbao tatu za kwanza nimezimaliza. Ubao wa nchi 18 hugonga nguzo ya mashine ukiuzungusha, kwa hiyo majani ya mwisho nimeyakata kwa msumeno wa mkono, na yanaonekana kabisa kwamba ni ya mkono. Upande wa kushoto wa tone kuna mahali bledi ilinivuta, mara tatu, mahali pale pale. Nimeomba zipachikwe upande wa kichochoro.