TAARABU YA UNGUJA NA NDEGE WALA MTAMA

Nilipopata likizo yangu ya mwaka nilikata shauri nisiende nyumbani kupalilia, kama ilivyo desturi yangu, bali niende Unguja. Katika ofisi nifanyayo kazi mimi ndiye niulizwaye neno la Kiswahili linapowatatiza wenzangu, maana nilisoma shule ya misioni ambako mwalimu wetu wa lugha hakuvumilia kosa hata dogo. Kwa sababu hiyo nilijiona mjuzi. Msomaji atakayefika mwisho wa habari hii ataona jinsi ujuzi huo ulivyonifaa.

Nalipanda gari la moshi toka Nairobi mpaka Mombasa, kisha basi kwa njia ya Tanga hata Dar es Salaam, na kutoka hapo boti iendayo kwa kasi ilinivusha kwa muda wa saa mbili hivi. Bandarini nilipokewa na rafiki yangu wa zamani, mwalimu, ambaye nyumba ya mama yake iko Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Mama huyo nilimwamkia shikamoo, naye akaniambia, "Marahaba mwanangu. Umefika wakati mzuri, keshokutwa tuna arusi mtaani."

Kabla ya arusi rafiki yangu alinitembeza. Tulisimama mbele ya Beit al-Ajaib, nyumba kubwa iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Barghash alitawala tangu 1870 hata 1888, na wazee wa Unguja husimulia kwamba yeye ndiye aliyeleta wapigaji kutoka Misri ili wamburudishe katika jumba lake, kisha akamtuma Mohamed Ibrahim aende huko huko Misri kujifunza kupiga kanuni. Kanuni ni chombo cha nyuzi zaidi ya 70, hulazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole vya shahada vya mikono miwili. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa taarabu katika kisiwa kile: muziki wa jumba la mfalme, wenye udi, fidla, nai na dumbaki, na maneno yake ni ya Kiarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha chama chao cha Ikhwani Safaa, na chama hicho kimeishi zaidi ya miaka mia.

Lakini mtu wa shamba au mchukuzi wa bandarini alipata nini katika nyimbo asizozielewa? Hapo ndipo anapoingia Siti binti Saad. Maisha yake nalikuwa nimeyasoma shuleni katika kitabu cha Shaaban Robert, nikayakariri kwa ajili ya mtihani, wala sikuyafikiri tena. Huko Unguja nililazimika kuyafikiri. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, kwa kuwa wazazi wake walitoka katika watu wa hali ya utumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti akavitembeza akiviuza, na husemwa kwamba watu walimjua yuaja kwa sauti yake kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa na wapigaji, akaiimba taarabu kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri mpaka Bombay kutiwa sauti zao katika santuri, na santuri hizo zikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950.

Wimbo wake mmoja, uitwao "Kijiti," ulinigusa mimi niliye karani. Unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alivuka bahari akatorokea bara, na walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda barazani kutoa ushahidi. Kazi yangu ni majalada. Najua jinsi jalada la kesi linavyofungwa kwa utepe, likawekwa kabatini, na baada ya miaka kadhaa hapana aliulizaye. Jambo lile bado linasimuliwa, na si kwa sababu ya jalada.

Basi siku ya arusi ikafika. Alasiri walikuja watu wa kidumbaki, ambacho ningekiita ndugu maskini wa taarabu. Besi yao ni sanduku la mbao lililogeuzwa kifudifudi, likatiwa mti na kamba moja; wana ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa na vijiti. Nyimbo ni zile zile za taarabu, ila huunganishwa moja baada ya moja kwa mwendo wa kasi, na wanawake hucheza mpaka vumbi linapanda. Nakiri ya kuwa nilikipenda kidumbaki kuliko taarabu yenyewe.

Usiku ikawa zamu ya taarabu. Siku hizi vikundi vingi vya arusini hutumia vinanda vya umeme, na tangu miaka ya 1990 imeenea ile taarabu ya kisasa iitwayo rusha roho, ambayo maneno yake ni makali. Wazee huinung'unikia. Wanaume wachache tulikaa pembeni; uwanja wote ulijaa wanawake waliovaa nguo zenye kumeta. Wimbo ukimpendeza mtu, huinuka polepole na noti mkononi, hucheza akielekea kwa mwimbaji, akamtunza. Niliona ni desturi nzuri sana.

Mwimbaji akaanza wimbo wa ndege wala mtama. Alieleza habari ya ndege asiyelima wala kupanda, aamkaye alfajiri kwenda kujishibisha katika shamba la mwenziwe. Wasomaji wangu wakulima wanajua adha hiyo. Mimi nimekulia katika shamba la mtama. Nimeshinda juani na kombeo, siku baada ya siku, nikifukuza ndege hao. Nikasema moyoni, hatimaye wimbo uhusuo mambo ya kilimo! Nikainuka na noti ya shilingi elfu mbili, nikaishika juu wote waione, nikapita katikati ya viti, tena mbele kabisa ya mama mmoja aliyekaa peke yake mstari wa kwanza, nikaenda kutunza.

Vigelegele vilivyopigwa sikuwahi kuvisikia. Nalidhani wananisifu. Yule mama wa mstari wa mbele aliondoka, akijifunga kanga yake kwa nguvu.

Tulipofika nyumbani mama wa rafiki yangu hakucheka. "Mwanangu," alisema, "unajua shamba ni la nani, na ndege ni nani?" Ndipo nilipoelezwa kwamba bibi mmoja wa mtaa ule, mwenye mume, ndiye aliyeomba wimbo huo uimbwe, na aliyekusudiwa ni yule mama niliyempitia mbele, jirani yake. Maneno hayo hayasemwi usoni. Huimbwa, au huandikwa katika kanga, na anayehusika hujua. Naye akiuliza, huambiwa kwamba ni wimbo tu. Nami, mgeni wa nyumba yenye heshima, nalikuwa nimeinuka mbele ya mtaa mzima kutangaza niko upande gani. Tangu usiku ule ilidhaniwa kwamba nyumba iliyonipokea ndiyo iliyonituma, na nyumba hizo mbili zilikuwa zimepeana chumvi na moto kwa miaka mingi.

Asubuhi mama alijitanda buibui lake akanichukua mpaka kwa jirani. Nilipiga hodi huku magoti yakinilegea. Nilieleza habari za kwetu: mtama, kombeo, jua, na marehemu baba aliyenichapa siku ndege waliponizidi. Jirani alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mama.

"Huyu kweli alifikiri ni ndege?"

"Wallahi, ndege wenyewe," akajibu mama.

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Ikaletwa kahawa na halua, na wanawake hao wawili wakaendelea na habari zao kana kwamba mimi sipo. Nilipoaga, jirani aliniambia, "Ijumaa kuna arusi nyingine, mwanangu. Nami nimeomba wimbo wangu. Njoo, na noti yako uje nayo."

Boti yangu iliondoka Alhamisi.