Michenzani kwa macho ya mtu wa Baraka

Mgeni anayeshuka bandari ya Malindi, Unguja, hupelekwa moja kwa moja Mji Mkongwe: milango ya nakshi, vichochoro, Forodhani jioni. Si vibaya. Lakini sisi tunaotoka Baraka, kule Fizi, Kongo, tunaovuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi Kigoma na kupanda treni ya Dar es Salaam kwenye stesheni iliyojengwa na Wajerumani wa enzi ya ukoloni, tuna kazi nyingine ya Wajerumani ya kuitazama. Vuka Darajani, liache soko nyuma, uingie Ng'ambo. Mbele yako ni Michenzani.

Ni majumba kumi ya ghorofa, yaliyojipanga kandokando ya barabara mbili pana zinazokatana. Mengine urefu wake unakaribia mita 300. Kwetu Baraka, nyumba nyingi ni za chini, matofali ya kuchoma na mabati, na etaje moja inatosha kuwaelekeza wageni kartie nzima. Hapa watu wanaelekezana kwa namba: jumba namba moja, jumba namba sita.

Chimbuko lake ni Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Serikali mpya ya Abeid Amani Karume iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka huohuo, na wataalamu wa nchi hiyo wakaja kujenga nyumba za wananchi, wakaanzia Kikwajuni. Mwaka 1968 mpangaji miji wao, Hubert Scholz, akachora ramani ya mji mzima. Karume alitaka makubwa zaidi: nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo zikabomolewa, wananchi wakaitwa kujitolea nguvu zao, na majumba yakaanza kuinuka. Yeye aliuawa Aprili 7, 1972, kazi ikaendelea chini ya mrithi wake, Aboud Jumbe. Ukienda Pemba utakuta ndugu za majumba haya pale Wete, Chake Chake na Mkoani.

Kwa mbali zege lile linaonekana kavu, kama limeletwa zima kutoka Berlin. Lisogelee. Kanga zimeanikwa kwenye kila baraza, chini kuna fundi cherehani, duka la vocha, na muuza urojo anayekandamiza katlesi kwa kijiko kabla ya kumwagia supu ya njano na kipande cha embe bichi. Pale kijiweni Kisonge wazee wanabishana siasa utadhani bunge limehamia barabarani.

Kwenye ngazi za jumba mojawapo nilimkuta bi mkubwa akipumzika na kikapu chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Baraka, bibi. Kongo, kule ziwani."

"Karibu. Panda taratibu, hapa hakuna lifti. Zamani hata maji yalikuwa hayapandi. Tulipanda nayo sisi, ndoo kichwani."

Maneno ya bibi yule yanatosha kuyapima majumba haya. Mchoro ulikuwa wa mbali, amri ilikuwa ya juu, na tabu ya ngazi ikawaangukia kina mama. Hata hivyo waliohamishiwa humo hawakubaki wageni wa zege. Walilitia baraza, biashara, harusi na ujirani, mpaka leo Michenzani ni Uswahilini kamili iliyosimama wima. Sifa ya mahali hapa ni yao kuliko ya aliyechora.

Basi ukifika Unguja, usiridhike na Mji Mkongwe peke yake. Tenga asubuhi moja, tembea jumba hadi jumba, kula urojo, salimia watu. Na ninyi mnaoanza kupandisha etaje Baraka na Fizi, hapa pana somo la bure: vuteni maji kwanza, ghorofa baadaye.