Kabla hujashika njia ya Lindi

Kilwa Kivinje

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako kaniambia umeazimia kwenda Lindi kwa baiskeli mwezi huu wa Julai, na kwamba ukiulizwa habari ya maumivu unajibu mwanamume huvumilia. Safari naiafiki, tena imenifurahisha. Jibu lako ndilo silikubali. Mwili ukiuma njiani haukupimi uanaume. Unakuambia baiskeli haijakukaa.

Anza na siti. Yako iko chini mno, ndiyo maana kutoka Kilwa Masoko kuja kwangu tu magoti yanakuwaka moto. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukiendesha kwa kukanyagia mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo litakiwavyo. Nati ikazwe barabara, maana siti inayoshuka polepole huigundui mpaka umeshaumia. Pua yake ilale sawa. Ikiinuka utapata ganzi mahali ambapo kijana hapachezei. Ikiinama, uzito wote utahamia mikononi.

Na hiyo sponji uliyoifunga juu ya siti, itoe. Najua utabisha. Kwa kwendea sokoni inafaa, lakini ukikaa saa nyingi makalio yanazama, mifupa miwili ya kukalia inagota chini vilevile, na sponji inabana nyama laini ya katikati. Siti ngumu kiasi, yenye upana wa kuibeba mifupa hiyo, ndiyo ya safari ndefu. Jinzi iache nyumbani, mshono wake utakuchubua. Pakaa mafuta ya nazi panaposuguana kabla hujaondoka, usingoje pawashe. Kila baada ya muda simama juu ya pedeli damu ipite, na mikono nayo uihamishehamishe kwenye usukani, viwiko vikiwa vimelegea.

Begi usilibebe mgongoni. Watazame wachuuzi wetu wa samaki: matenga yako kwenye keria, migongo yao iko huru.

Sasa upepo. Julai ni kusi, na wewe unaelekea kusini, kwa hiyo ukishaipita Nangurukuru utakuwa nao usoni. Toka mara baada ya swala ya alfajiri, kabla haujapata nguvu. Ukikolea, inama kidogo, punguza mwendo, usishindane nao. Wengi huumia mgongo na magoti kwa kutaka mwendo uleule wa asubuhi. Mabasi ya Mtwara yakija kwa kasi, ondoka kwenye lami, usione haya.

Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 150. Usiifanye ya siku moja. Lala Kiranjeranje, uvuke mto Mbwemkuru kesho yake miguu ikiwa imepumzika. Maji unywe kabla ya kiu, na muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi ule kidogokidogo, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi yako.

Lakini kwanza njoo Kivinje Jumamosi na mzigo uleule utakaokwenda nao Lindi. Ukifika usipumzike, nionyeshe panapouma, tuirekebishe baiskeli hapohapo. Spana ninazo.

Mjomba wako