Ziara Yetu ya Kisese: Waliolala Chini ya Mwamba



Sisi tukaao Bariadi twaishi kati ya majabali, na kwa wengi wetu jabali ni kokoto za kujengea tu. Fikira hiyo twalikuwa nayo hata tulipofunga safari na vijana watatu wa madrasa yetu, kwa gari ya kukodi, tukapita Maswa, Shinyanga, Singida na Babati, tukafika Kolo katika wilaya ya Kondoa. Huko tulipata kiongozi, akatupeleka kwenye mwamba wa Kisese.

Mwamba huo umeinama kama upenu wa nyumba, na ubavuni mwake mna michoro ya udongo mwekundu. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikuja Kondoa kuinakili michoro ya nchi hiyo, na mwaka 1956 Ray Inskeep akachimba hapo Kisese. Alikuta mifupa ya watu waliozikwa katika zama za zana za mawe, na shanga za ganda la yai la mbuni, ambazo baadhi yake umri wake wapita miaka 40,000. Mwaka 2006 UNESCO iliitia michoro ya Kondoa katika urithi wa dunia.

Kijana mmoja akauliza: "Maalim, yafaa kuzuru makaburi ya watu tusioijua dini yao?" Tukamjibu kwamba kaburi lakumbusha Akhera, awaye yote aliyelala humo, nasi hatukwenda kuwaomba wafu, bali kuzingatia.

Wakati wa kurudi, tulipokwisha kuipita Bereko, kijana yule yule akatoa mfukoni mwa kanzu kipande cha jiwe jeupe chenye makali. Alikiokota chini ya mwamba ili akamwonyeshe mamaye. Kiongozi alikuwa ametueleza kuwa vipande kama hivyo ndivyo visu vya watu wale. Jua lilikuwa likichwa, na dereva amechoka. Twakiri kwamba nafsi ilituambia: ni kijiwe tu. Walakin kule Kolo tuliona mashimo ya watu watafutao mali wanayodhani Wajerumani waliificha, nao bila shaka walianza kwa neno hilo hilo. Tukageuza gari. Kijana akakirudisha kwa mkono wake, tukalala Kolo, na darasa la siku ya pili likafungwa.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto kuwa amana haifi kwa kufa mwenyewe. Aendaye huko asiandike jina lake mwambani, asiimwagie michoro maji ili ing'ae, wala asiokote kitu. Na hapa kwetu Simiyu, mtu akiona mchoro au kaburi la kale penye majabali, na atoe khabari serikalini kabla ya kuinua nyundo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa walio hai na kwa waliotutangulia. Amin.