Kutoka Tunguu hadi Duqm

Nilimwendea Ami na shida yangu. Binti yangu yuko darasa la 12, alama zake nzuri, na mimi kichwani mwangu nilikwisha mvisha koti jeupe la daktari. Yeye akaniambia anataka uhandisi wa vyombo vya anga. "Mama, roketi." Nikaona huyu mtoto atakuja kukaa nyumbani na shahada yake ukutani. Ikabidi nitafute mtu mzima wa kumsemesha.

Ami anakaa Al Khoudh, si mbali na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Ukiingia kwake unasahau kama uko Maskati. Kiunguja ndani, Kiunguja uani, na mjukuu akimjibu kwa Kiarabu hujifanya hasikii. Tulifika Ijumaa ya 6 Desemba 2024, baada ya sala.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Umeiona?"

Hata hali hakuniuliza. Alikuwa na simu mkononi, akirudia video ileile: jangwa, mlingoti, moshi, kisha kitu chembamba kikapaa. Ilikuwa Duqm-1, roketi ya majaribio iliyorushwa Jumatano ile, tarehe 4, kutoka kituo cha Etlaq. Urefu wake ni kama mita 6.5, haikubeba setilaiti, na haikukusudiwa kuzunguka dunia. Ni ya kupanda na kushuka. Lakini ilikuwa ya kwanza kurushwa hapo.

Duqm iko zaidi ya kilomita 500 kusini mwa Maskati, katika mkoa wa Al Wusta, jangwa linapokutana na Bahari ya Arabuni. Watu ni wachache na mbele ni maji matupu, kwa hiyo roketi ikiharibika haiangukii paa la mtu. Jina Etlaq ni la Kiarabu, maana yake kuachia au kurusha. Ami akacheka: neno hilo na talaka ni ndugu wa baba mmoja. "Roketi nayo inaachwa, hairudi kwa mume."

Nilidhani sasa ataingia kwenye maneno niliyomwombea. Badala yake akamgeukia binti yangu. "Unajua mimi nimekua jirani na Wamarekani wa roketi?"

Alikuwa anasema Tunguu. Wengi wetu tuliozaliwa huku hatukuisikia habari hii. Kati ya 1960 na 1961 Wamarekani walijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wao wa Mercury, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyozunguka dunia. Chombo kikipita juu ya Afrika, Kano kule Nigeria inazungumza nacho, kisha Zanzibar inakipokea, kisha meli iliyokaa katika Bahari ya Hindi. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, sauti yake ilipita Unguja.

Mjini wanasiasa walipiga kelele kwamba ile ni kambi ya makombora na itawaletea watu vita. Haikuwa na kombora hata moja. Ilikuwa na antena na watu wenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Lakini nani angejua? Ami alikuwa na miaka 10, baba yake ana duka dogo kando ya njia. Watoto walikuwa wakienda kushika waya wa uzio na kutazama. "Tukiona magari yanaingia, magari yanatoka. Ndani mna nini, hakuna aliyetuambia." Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikaondolewa mwaka huohuo. Familia ya Ami nayo ikatawanyika.

Hapo alinyamaza kidogo, akaomba kahawa.

Alifika Maskati mwaka 1972, baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na shule 3 na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Na mwaka uleule wa 1970, tarehe 12 Desemba, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini kaskazini mwa Malindi. Waliichagua pwani ile kwa sababu iko karibu na ikweta, na hapo dunia inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa; roketi inapata msukumo wa bure. Setilaiti hiyo, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima eksirei za nyota, ilipewa jina Uhuru. Neno letu, bahari yetu, na mitambo ya wengine. Kenya ilisubiri hadi Aprili 2023 kupata Taifa-1, setilaiti yake ya kuchunguza ardhi.

"Basi na hii ya hapa," Ami akauliza, "walio ndani ya uzio ni nani?"

Binti yangu ndipo alipofungua mdomo, na mimi nikajua mengi yaliyokuwa yakiendelea nyumbani kwangu. Usiku wa kuamkia 10 Januari 2023, nilipodhani anadurusu mitihani, alikuwa akitazama ndege ya Virgin Orbit ikiruka kutoka Cornwall, Uingereza, na roketi chini ya bawa. Ndani yake mlikuwa na setilaiti ya Oman, iitwayo Aman. Kichujio cha mafuta kiling'oka mahali pake, injini ya hatua ya pili ikazimika mapema, setilaiti zote 9 zikapotea. Alilia peke yake, akalala. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo Aman-1 ilipanda salama kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, OL-1 ikarushwa kutoka Jiuquan, China.

"Aman," Ami akasema. "Amani."

Hakuificha upande wa pili. Aman-1 ilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Poland. Roketi zilikuwa za Wamarekani na Wachina. Hata Etlaq inatarajia kuishi kwa kukodisha uwanja kwa wenye roketi wa nchi nyingine.

"Kwa hiyo Waomani wangapi wamo mle?"

"Sijui, Babu. Nikiingia nitakwambia."

Ami alicheka hadi kofia ikamlalia usoni.

Jumamosi iliyofuata alitutaka tumpeleke Mina al Fahal, penye kuba la kutazamia nyota lililojengwa na kampuni ya mafuta ya PDO. Karibu na kuba pana maonyesho ya mafuta, na baharini meli zinasubiri kujazwa kama zilivyoanza kujazwa 1967. Nilizitazama zile meli kwa muda. Kazi ya Ami ilitoka humo, na ya mume wangu pia. Serikali yenyewe, katika Dira ya 2040, imeandika kwamba nchi isiyategemee mafuta. Ndani ya kuba taa zilizimwa, nyota zikatoka, na Ami akawa anazitaja kwa sauti hadi mtu wa nyuma akamwomba anyamaze.

Aprili binti yangu alijaza orodha ya masomo ya chuo. Niliiona: uhandisi wa kwanza, wa pili uhandisi vilevile, udaktari wa tatu. Nilimwuliza Ami kwa simu kwa nini hakunisaidia.

"Wewe si ulitaka nimsemeshe? Nimemsemesha," akasema. Kisha akauliza Duqm ni mwendo wa saa ngapi kwa gari, na kama njiani pana mahali pa kusali.