Makaburi ya Nyeri

Mgeni atakaye kujua habari za mji wa Nyeri, na aende kwanza makaburini. Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro amelala Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari, 1941. Jiwe lake limechorwa duara lenye nukta katikati, nayo ni alama ya Skauti yenye maana ya kwamba mwenyewe amekwenda nyumbani. Humo humo amezikwa Jim Corbett, aliyewawinda chui-milia wala watu huko Bara Hindi, akafa mwaka 1955. Wote wawili, kila mtu kwa wakati wake, walikaa katika nyumba moja ndogo iitwayo Paxtu.

Upande wa Mathari liko kanisa la Waitaliani, lenye makaburi ya askari wao wa Vita Kuu ya Pili. Pamoja nao amelala mkuu wao, Duke wa Aosta, aliyekufa Nairobi mwaka 1942 hali ni mateka.

Hao wote walitoka ng'ambo. Lakini Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri na kiongozi wa Mau Mau msituni, hana kaburi hapo. Alihukumiwa Nyeri mwaka 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari, 1957, akazikwa gerezani pasipo alama.

Basi, msomaji, mawe husimulia habari za waliowekewa mawe. Habari za wengine wanazo wazee; tuwaulize na kuziandika wangali hai.