Kompyuta Bubu

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua Kasulu mwaka 2023, mtumba, kwa shilingi 280,000. Usicheke, msomaji. Fedha hizo nilizichanga kwa miezi kumi na mmoja, nikichapa barua za watu za kuomba kazi katika kibanda cha stesheneri karibu na stendi. Mimi mwenyewe kazi hizo sikuzipata. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja, na tangu hapo nimekuwa mwandishi wa riwaya ambayo haijatoka popote. Ninyi mnaosoma jarida hili mnanielewa. Kwetu Kibondo wananiuliza, "Hicho kitabu bado tu?"

Sikuinunua kwa ajili ya kuchapa riwaya peke yake. Niliinunua kwa sababu ya dakika kumi na moja.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla ya hapo mjomba alimrekodi kwa simu yake ndogo, bibi amekaa jikoni anachambua maharage, akisimulia jinsi babu alivyoondoka mwaka 1961 kwenda kwenye mkonge, Tanga. Wazee wengi wa Buha walikwenda huko. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kutafuta vibarua, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, nalo lilikuja huku kwetu kukusanya vijana. Kijana anapewa namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba, anapakiwa kwenye lori mpaka Kigoma, kisha treni. Wapo waliorudi na baiskeli na mablanketi. Wapo ambao mpaka leo hawajarudi, na sasa hata wajukuu zao ni wasambaa wa huko huko.

Rekodi ile niliisikia mara moja tu, siku ya kuanua matanga, watu wamejaa, watoto wanapiga kelele, simu inapokezanwa mkono kwa mkono. Baada ya muda simu ikaingia maji ikafa. Memori kadi ikabaki kwa mjomba, ameikunja kwenye karatasi ndani ya jalada la Biblia. Mimi nikaanza kuandika kwa kukumbuka. Nimejaza kauntabuku nne. Sura ya kwanza ni bibi, mwanamke kijana, amesimama mlangoni usiku ule babu alipoondoka, analia mpaka jogoo anawika. Sura hiyo niliipenda kuliko zote. Niliwasomea rafiki zangu wawili na mmoja akafuta machozi, ingawa siku hiyo alikuwa na mafua pia.

Basi, pale dukani Kasulu fundi aliiwasha mashine, akaweka wimbo wa bongo fleva, spika zikalia mpaka wapita njia wakageuka. Akachomeka kadi ya mjomba, akanihamishia faili. Tulipoichomeka mara ya pili kadi ikagoma kabisa, ikawa inadai isafishwe yote ndipo isomeke. Nikajisemea si kitu, faili imeshaingia. Sikuisikiliza pale. Wateja walikuwa wamepanga foleni, basi lilikuwa linakaribia kuondoka, na zaidi ya hayo nilitaka mama asikie pamoja nami, maana kile Kiha cha bibi kilikuwa cha zamani, kuna maneno yananipita. Kwa hiyo sauti ya bibi ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya boksi nililolipakata kutoka Kasulu, tukapita Makere, tukapita njia panda ya Nduta, kondakta ananidai nauli ya mzigo na mimi nambishia kwamba mzigo uliopakatwa si mzigo.

Skrini niliazima kwa mwalimu jirani yetu. Mama alioga, akavaa kitenge kizuri, akakaa kwenye stuli kama anayesubiri mgeni. Umeme ulikuwapo. Zamani tungelaumu jenereta, lakini tangu gridi ya taifa ituunganishe mwaka 2022 visingizio vimepungua. Nikawasha. Picha ikaja safi. Nikaweka ule ule wimbo wa Kasulu kuipima.

Kimya.

Nikageuza kitufe cha spika mpaka mwisho. Kimya. Nikaenda nyuma ya mashine, nikakuta nimechomeka waya wa spika kwenye tundu la waridi. Hapo nilijitukana kidogo. Wewe unayeanza, kumbuka: katika mashine nyingi za mezani tundu la kijani ndilo linalotoa sauti kwenda kwenye spika, la waridi linapokea kipaza sauti, la bluu linapokea sauti kutoka kwenye chombo kingine kama redio kaseti. Kuchomeka spika kwenye la waridi ni kumpa sikio mtu aliyetaka mdomo. Nikahamishia kwenye kijani, roho imetulia.

Kimya vile vile.

"Labda leo hataki kusema," mama akasema. Hakuwa anatania. Akaondoka kwenda kuinjika sufuria, na kitenge chake kizuri.

Kesho yake niliibeba mpaka kwa kaka mmoja anayetengeneza simu na kompyuta hapa mjini. Hakuiangalia hata dakika mbili. "Dogo, hapa tunapiga Windows upya. Elfu kumi na tano." Nikakubali. Nilikuwa nimechoka, na fundi akisema kwa sauti ya uhakika sisi wengine tunanyenyekea. Alikuwa ameshachomeka diski yake ndipo nikauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Na vilivyomo ndani?"

"Vinaondoka. Si unavyo kwenye flashi?"

Sikuwa na flashi. Miezi kumi na mmoja ya kuchanga, na sikukumbuka kuongeza elfu chache za flashi! Nikachomoa nyaya mwenyewe, yeye ananishangaa, nikarudi nayo nyumbani begani. Magoti yalikuwa yanatetemeka njia nzima.

Usiku huo nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nilikaa bila kugusa kitu nikajiuliza: mashine hii Kasulu ilisema, Kibondo haisemi, kati ya Kasulu na Kibondo kimebadilika nini? Mashine ni ile ile. Spika ni zile zile, na nilipozichomeka kwenye simu zililia. Wimbo ni ule ule. Nikaandika kwenye kauntabuku kama ninavyoandika wahusika wangu. Kilichobadilika ni kimoja tu: skrini, na waya wake.

Nikabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya kile kipicha cha spika pembeni chini, nikafungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Wimbo ukiwa unacheza kimya, nikaona kipimo cha kijani kinapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Ina maana sauti ilikuwapo. Mashine haikuwa bubu hata kidogo! Ilikuwa inasema, ila inasema kwa mtu mwingine. Na huyo mwingine jina lake liliandikwa pale pale, na alama ya vema ubavuni: ni skrini ya mwalimu.

Kumbe kule dukani skrini iliunganishwa kwa waya wa VGA, ule wenye skrubu mbili, ambao hubeba picha peke yake. Waya wa mwalimu ulikuwa wa HDMI, nao hubeba picha na sauti pamoja. Mashine ilipoona waya ule ikaamua yenyewe kwamba sauti ipelekwe kwenye skrini. Na skrini yenyewe haina spika. Nikachagua spika zangu kwenye orodha, nikaziwekea vema ziwe za kwanza. Wimbo ukalipuka usiku wa manane, mbwa wa jirani wakaanza, mama akatoka chumbani ameshika panga.

"Ni kompyuta, mama."

"Na bibi yako je?"

Hapo ndipo nilipoifungua faili yenyewe. Programu ya muziki ikaniambia haiwezi kuicheza. Simu ndogo za zamani zilirekodi kwa mtindo unaoitwa AMR, uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde wakati CD ya muziki hupima mara 44,100. Faili inakuwa ndogo sana, lakini si kila programu inaielewa. Rafiki yangu mmoja akanishauri kwa simu nibadilishe herufi za mwisho wa jina ziwe za MP3. Nilijaribu. Ni sawa na kumbatiza mbuzi ukamwita ng'ombe, ukaanza kutafuta pa kukamua lita kumi. Nikairudishia jina lake, nikanunua bando, nikaunganisha kompyuta na simu yangu, nikaanza kushusha VLC, programu ya bure inayocheza karibu kila kitu. Megabaiti kama arobaini. Mtandao ukikatika nakwenda kusimama na simu mlangoni. Ilikamilika kunakaribia kupambazuka.

Mama hakuwa amerudi kulala. Safari hii hakubadilisha nguo.

Kwanza ulikuja mvumo kama mvua juu ya bati. Halafu kuku. Halafu maharage yanarushwa kwenye ungo. Mjomba akakohoa. Na bibi akaanza, karibu kabisa, kama yuko nyuma ya pazia. Nayaandika kwa Kiswahili alivyosema:

"Watu wanadhani nililia. Nilie nini? Alipoondoka nililala usingizi ambao sikuupata tangu niolewe. Maharage nikalima mwenyewe, nikauza mwenyewe, nikanunua mbuzi wawili. Aliporudi akakuta mbuzi tisa uani. Akaniuliza, hawa ni wa nani?"

Na akacheka. Alicheka mpaka ungo ukanyamaza.

Nilihisi masikio yanapata moto. Kauntabuku namba moja ilikuwa mezani pale pale, ina mwanamke wangu analia mlangoni kurasa kumi na tatu.

Kuelekea mwisho sauti ikazama, nikapandisha ya VLC mpaka ikapita mia. Kilio kilikuwapo kweli, sikukiota. Ila kilikuwa mahali pengine. Bibi alisema alilia siku babu aliporudi, kwa sababu alipompokea mzigo aliona mikono yake imechanikachanika kwa miiba ya mkonge, na kidole kimoja hakipo, na yeye babu anazungumzia baiskeli tu. Hapo kuna neno moja tulilobishana. Sauti ya simu hukata zile kali za juu, na s na f zinafanana. Mimi nilisikia kwamba alimsamehe. Mama anasema hapana, alisema alimfunga kitambaa.

"Rudisha pale anapocheka," mama akasema.

Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya nne akawa anacheka naye, mkono mdomoni.

"Mama, ulijua kwamba hakulia?"

"Nilijua. Alitusimulia tangu tukiwa wadogo."

"Mbona hukuniambia, nami nimeandika miaka yote hii?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unaandika."

Maduka yalipofunguliwa nilikwenda kununua flashi mbili. Moja iko kwa mjomba, kwenye jalada la Biblia. Nyingine ninayo shingoni.